UZI: Kabla ya kupanga ratiba mpya, fahamu kwanza ni kazi ipi inayokulisha

Mleta mada:

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika uzi huu kwa ajili ya wenye biashara ndogo na walioajiriwa hapa Nairobi ambao hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, hurudi usiku wakiwa hoi, na bado mwisho wa mwezi hawaoni kilichotokana na jasho hilo. Kazi yangu ni uhasibu. Ninawatunzia hesabu wenye karakana, maduka na ofisi ndogo ndogo, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi Westlands, na jambo ninalokutana nalo tena na tena ni kwamba watu hawa si wavivu hata kidogo. Wanafanya kazi kupita kiasi. Kinachowaumiza ni kutojua ni ipi kati ya kazi hizo inayoleta riziki na ni ipi inayokula siku tu, na kwa kuwa hawajui, huzipa zote nguvu sawa, au huipa nguvu zaidi ile inayopiga kelele kuliko nyingine.

Ushauri uliozoeleka ni kuamka mapema zaidi, kununua shajara na kupakua programu ya kupanga muda. Sina ugomvi na vitu hivyo, ila havimfai mtu ambaye bado hajabaini kazi inayostahili kuwekwa mbele. Kubaini ndiko kunakochosha, na ndiko ninakotaka tukae leo.

Wengi mmesikia kanuni ya 80 kwa 20, kwamba asilimia 80 ya matokeo hutokana na asilimia 20 ya juhudi. Ni vyema tujue ilikotoka ili tusiifanye msahafu. Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyefariki mwaka 1923, alichunguza mgawanyo wa mapato na mali akaona kwamba sehemu kubwa imo mikononi mwa watu wachache. Hakuwa akizungumzia ratiba ya mtu kazini. Aliyeipeleka hoja hiyo viwandani ni Joseph Juran, mhandisi wa Marekani mzaliwa wa Romania, ambaye alikuwa akishughulikia ubora wa bidhaa na kuona kwamba kasoro nyingi hutokana na sababu chache. Ndiye aliyeipachika jina la Pareto, na mwaka 1975 aliandika mwenyewe kwamba alikuwa amembebesha Pareto jambo pana kuliko lile alilolisema. Kwa hiyo tusiende kazini tukitafuta 80 na 20. Tuchukue lile lililo wazi, kwamba faida haigawanyiki sawasawa, kisha kila mmoja apime yake.

Kupima kwenyewe hakuhitaji zaidi ya daftari la shule na taarifa ya M-Pesa na ya benki ya miezi mitatu au sita iliyopita. Nichukue mfano wa mama mwenye karakana ya kushona huko Kawangware. Mfano huu nimeuunda kutokana na hali za wateja wa aina nyingi, wala si habari ya mtu mmoja. Tuseme katika miezi mitatu amefanya kazi za aina tatu. Sare za shule zimemletea shilingi 240,000 baada ya kutoa gharama ya kitambaa na vifungo, na zimechukua saa 160. Nguo za vitenge za harusi na sherehe zimemletea 90,000 kwa saa 150. Marekebisho madogo madogo, yaani kubadilisha zipu, kupunguza kiuno na kukunja pindo, yamemletea 36,000 kwa saa 200. Ukigawanya fedha kwa saa, sare zinampa shilingi 1,500 kwa saa, vitenge 600, na marekebisho 180. Karibu theluthi mbili ya faida yake imetokana na chini ya theluthi moja ya muda wake. Ukimuuliza siku zake zinaishia wapi, atakuambia ni kwenye marekebisho, kwa sababu kila anayeingia mlangoni na suruali mkononi anataka kuipata leo.

Msomaji mwenye haraka atasema basi ashone sare tu. Lakini tutazame kwa karibu zaidi zile saa 160. Kuketi kwenye cherehani hakukumletea oda. Oda ilipatikana asubuhi chache za Septemba na Oktoba, katika muhula wa tatu kabla shule hazijafungwa, alipobeba sampuli za sweta na sketi, akaketi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, akapimiwa bei mbele ya washindani wake, akaacha nambari yake ya simu, kisha akarudi tena. Hizo ni saa chache sana, na bila hizo Januari haina kitu. Nyingine zenye uzito wa namna hiyo ni kupiga hesabu ya bei kabla ya kuitaja, na kumfundisha msaidizi kukata kitambaa bila kukiharibu. Hizi zote zina sifa moja inayonitia wasiwasi kila ninapoiona: hakuna mtu atakayempigia simu kumkumbusha. Mwenye zipu iliyoharibika atapiga mara nne kabla ya saa sita. Mwalimu mkuu ambaye hajawahi kukutana naye hatapiga kamwe.

Mwaka 1954, mjini Evanston, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alimnukuu mkuu mmoja wa chuo, bila kumtaja jina, aliyesema kwamba matatizo yake ni ya aina mbili, ya dharura na ya muhimu, na kwamba ya dharura si muhimu, na ya muhimu hayawi kamwe ya dharura. Nadhani kauli hiyo imepita mpaka kidogo, maana tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ni dharura na ni muhimu pia. Hata hivyo imegusa penye ugonjwa. Kelele ya jambo haitupi kipimo cha uzito wake.

Msisahau barabara. Mtu akitoka Kasarani kwenda kikao cha muda wa saa moja Upper Hill, katika daftari lake huandika saa moja. Saa alizokaa Thika Road na kwenye mizunguko ya katikati ya jiji, na nusu saa ya kusubiri mapokezini, haziandiki popote. Ziandikeni. Nimeona wateja ambao kwa macho walionekana wazuri, lakini ukiongeza muda wa kuwaendea na kurudi, wanakuwa nyuma ya mteja mdogo aliye mtaa huo huo.

Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji, mwenye gereji, Industrial Area:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo, lakini kuna jambo hujaligusa. Kwa hesabu yako, magari ya kampuni ndiyo kazi yangu ya thamani, kwa sababu injini moja ya lori inanipa faida ambayo magari madogo kumi hayanipi. Sasa, kampuni hizo hulipa baada ya siku 60, nyingine 90, na nyingine mpaka uwe unalala mlangoni mwao. Anayebadilisha oili na breki hunilipa kabla hajatoa gari uani, na ni fedha hizo zinazolipa vijana wangu kila Jumamosi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nikimwacha huyu mdogo nimfuate mkubwa, vijana watakula nini?

Mleta mada:

Mzee wa gereji, umeleta hoja ambayo ningependa kila mtu aisome mara mbili. Ni kweli, faida kwa saa haitoshi kuwa kipimo. Ongeza safu moja katika daftari: siku zilizopita kuanzia ulipotoa ankara hadi fedha zilipoingia. Ukinunua vipuri Kirinyaga Road kwa fedha taslimu leo, na mteja akalipa baada ya siku 90, umemkopesha mteja huyo, na mara nyingi hukumtoza chochote kwa mkopo huo.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyesajiliwa kulipa VAT. Tuseme umetoa ankara ya shilingi 200,000 na kuongeza asilimia 16, yaani 32,000. Kodi hiyo hudaiwa kwa sababu ankara imetoka, iwe umelipwa au hujalipwa, na ni lazima iwe imefika KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unatoa mfukoni 32,000 ambazo hujazipokea. Nimewaona wenye gereji nzuri, zenye kazi mlango hadi mlango, wakikopa ili walipe kodi ya kazi ambayo mteja bado hajailipia.

Kwa hiyo sikuambii umwache mdogo. Kazi ya oili na breki ndiyo inayokupa fedha za kila wiki, na hiyo ni thamani, japo katika safu ya faida haionekani. Ninachokuomba utazame ni kazi ya tatu ambayo hukuitaja: kudai madeni. Saa mbili za Jumanne asubuhi, umekaa na orodha ya ankara zote zilizopita muda, ukizipigia simu idara za uhasibu moja baada ya nyingine, ukiuliza ni karatasi gani inayokosekana, ni nani hajatia saini, malipo yatatoka katika awamu ipi. Mara nyingi ankara imekwama kwa sababu nambari ya oda haikuandikwa, na hakuna aliyejisumbua kukuambia. Saa hizo mbili zinaweza kukuletea fedha kuliko wiki nzima ya kulala chini ya magari, na watu huzikwepa kwa sababu kudai kunatia haya. Pia, kabla ya kufungua injini ya kampuni yoyote, omba malipo ya awali yanayotosha kununua vipuri. Watakaokataa watakuwa wamekuonyesha mapema watakavyokulipa.

Mchangiaji, afisa wa ununuzi, Upper Hill:

Mimi nimeajiriwa, sina karakana wala gereji. Kazi yangu ni kuhakikisha kampuni inanunua kwa bei nzuri na kwa wasambazaji wanaoaminika. Lakini siku nzima ninajibu barua pepe, ninajaza fomu, ninaitwa mikutanoni, na kikundi chetu cha WhatsApp cha ofisi hakinyamazi hata Jumapili. Siwezi kumwambia bosi kwamba kazi aliyonipa haina thamani. Ushauri huu ni wa waliojiajiri.

Mleta mada:

Dada, swali lako ni gumu kuliko la gereji, na sitalijibu kana kwamba una uhuru ambao huna. Aliyeajiriwa hachagui peke yake. Lakini hata bosi wako hajui muda wako unakwenda wapi. Anajua alichokuagiza yeye, hajui walichokuagiza wengine watano. Kwa muda wa wiki mbili andika kila jioni, kwa mistari michache tu, ulichofanya na kilichukua muda gani. Kisha mwombe nusu saa na umpelekee karatasi hiyo bila malalamiko. Muulize: kati ya haya yote, ni mawili yapi ambayo yakifanyika vizuri mwaka huu utaona kwamba nimefanya kazi yangu? Swali hilo huwafurahisha wakubwa wengi kwa sababu hakuna anayewauliza. Akisema ni kupunguza bei ya mikataba mitatu mikubwa, una neno lake. Siku utakapoitwa kwenye kikao cha nne cha wiki unaweza kusema kwa heshima kwamba ukienda, ulinganisho wa bei wa mkataba ule utachelewa, na umwombe yeye aamue. Hukumkatalia, umemwekea mizani mbele.

Kuhusu barua pepe na WhatsApp, Sophie Leroy, mtafiti wa masuala ya kazi, alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya fikira zake hubaki kule alikotoka, na kazi ya pili huifanya kwa upungufu. Anayelinganisha zabuni sita huku akijibu ujumbe kila baada ya dakika chache hafanyi kazi mbili. Zote mbili anazifanya nusu nusu, na kosa la tarakimu moja katika bei ya zabuni linaweza kuigharimu kampuni kuliko mshahara wake wa mwaka. Mweleze bosi hivyo, kisha mwombe saa mbili za asubuhi ambazo simu yako itakuwa kimya na anayekutaka kwa dharura ya kweli aje mezani kwako. Wengi hukubali saa mbili ambao wasingekubali siku nzima. Wapo wasiokubali, na kwa hao sina dawa. Hapo unaloweza kufanya ni kuwahi ofisini kabla ya wenzako au kufanya kazi hiyo ya mahesabu wakati wa chakula, jambo ambalo si haki, lakini ni afadhali kuliko kulifanya usiku ukiwa umechoka.

Mchangiaji, mwenye duka la nguo, Eastleigh:

Je, niajiri mtu wa kazi ndogo ndogo ili mimi nibaki na zile kubwa?

Mleta mada:

Ajiri ikiwa tayari unajua utafanya nini na muda utakaoachiwa. Nikiuliza swali hilo wengi hunijibu kwamba watapumzika kidogo, na kupumzika ni haki yao, ila mshahara wa msaidizi hautalipwa na mapumziko. Piga hesabu kamili pia. Juu ya mshahara kuna mchango wa mwajiri wa NSSF, yaani akiba ya uzeeni, kuna asilimia 1.5 ya mshahara ambayo mwajiri hutoa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na kuna kazi ya kuwasilisha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kila tarehe 9. Wiki za kwanza atakupunguzia muda badala ya kukuongezea, kwa kuwa utakuwa ukimfundisha. Ukiona bado inalipa, usisite. Na usianze kumkabidhi kazi inayokuudhi. Mkabidhi ile unayoweza kumwandikia hatua zake kwenye karatasi moja akaifuata bila kukuita.

Mchangiaji, Kayole:

Mimi namuuguza mama yangu nyumbani na nashona mikoba usiku. Kwa hesabu yenu ya shilingi kwa saa, muda wangu mwingi hauna thamani?

Mleta mada:

Hapana, ndugu yangu, na nasikitika ikiwa nimeandika kwa namna iliyokufanya uwaze hivyo. Daftari ninalolizungumzia ni la kuamua kati ya mkoba na mkoba, kati ya mteja na mteja. Kumuuguza mzazi hakumo ndani yake na hakupaswi kuingizwa. Kwako daftari lina manufaa ya pekee, kwa kuwa saa zako za kushona ni chache na huwezi kuziongeza. Ukigundua kwamba mkoba wa aina moja unakulipa mara mbili ya mwingine kwa usiku ule ule, shona huo, na ule mwingine ukatae bila kuona aibu. Mungu amjalie mama afueni.

Mchangiaji, mwenye gereji, Industrial Area:

Nimekuelewa kuhusu madeni. Swali la mwisho: nikishajua kazi yangu kubwa ni ipi, hizi nyingine nizikate mara moja? Na hesabu hii niirudie lini?

Mleta mada:

Usikate kabla ya kuuliza inaunganika na nini. Turudi kwa fundi wetu wa Kawangware. Marekebisho yanampa shilingi 180 kwa saa, na ukiishia hapo utamshauri ayaache. Lakini akiwauliza wazazi walionunua sare Januari walimjuaje, huenda wengi wakamwambia ni kwa sababu aliwahi kuwarekebishia suruali. Hapo marekebisho yamekuwa tangazo lake la biashara, na bei yake haiko katika zile 180 peke yake. Anachoweza kufanya ni kuyapa mipaka: kupokea nguo wakati wowote, kuzishona baada ya saa tisa alasiri tu, kuzirudisha kesho yake, na kuongeza bei kidogo kwa anayetaka leo leo. Asubuhi inabaki ya sare, na katika miezi ya Septemba na Oktoba inabaki ya walimu wakuu. Wapo watakaokwenda kwa fundi wa jirani, na daftari la miezi mitatu ijayo litamwambia kama kuondoka kwao kumemgharimu. Ikiwa hakuna aliyekuja dukani kupitia marekebisho, basi na apunguze kwa ujasiri zaidi.

Kuhusu kurudia, fuata msimu wa biashara yako. Wa sare apime mwishoni mwa kila muhula. Kwako wewe miezi mitatu inatosha, maana kampuni hubadilisha mikataba na kazi iliyokuwa mgodi mwaka jana inaweza kuwa mzigo mwaka huu.

Kwa wale walioniandikia pembeni wakiomba mpangilio wa daftari, fungueni kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto andikeni jina la mteja au aina ya kazi, fedha zilizoingia, gharama ya vifaa na faida iliyobaki. Upande wa kulia andikeni saa za kazi yenyewe, saa za barabarani na za kusubiri, siku kutoka ankara hadi malipo, na namna mteja huyo alivyowafikia. Safu hii ya mwisho huachwa wazi na wengi kwa sababu inahitaji kumuuliza mteja. Muulizeni anapolipa, kabla hajaondoka.

Anayekwama kwenye hesabu ya VAT au PAYE aniulize hapa hapa, nitajibu kila jioni baada ya saa mbili.